Yai la kondori: kwa nini kulichukua kulikuwa uharibifu, halafu baadaye kukawa uokoaji

Stori ya kondori wa California ikizunguka mtandaoni watu wanagawanyika pande mbili. Kuna wanaosoma kwamba zamani kulikuwa na watu wanapanda magenge ya miamba kuchukua mayai yake wakayapange kwenye makabati, ndo maana huyu ndege akakaribia kuisha. Na kuna wanaosoma kwamba miaka ya 1980 wanasayansi walipanda milima ileile, wakaingia kwenye mapango, wakabeba mayai wakaondoka nayo, na hapo ndo ndege akapona. Mtu akikutana na zote mbili siku moja anabaki anauliza, sasa kuchukua yai kunaua au kunaokoa? Ni swali zuri sana na linahitaji tuanzie mbali kidogo, maana bila kujua huyu ndege anazaaje huwezi kuelewa chochote kilichofuata.

Kwanza tujue tunamwongelea nani. Kondori wa California ni tumbusi, yaani ndege anayeishi kwa kula mizoga, ila ni tumbusi wa mabara ya Amerika na ukoo wake ni tofauti na wa hawa tumbusi wetu wa Serengeti na Maasai Mara, wanafanana kwa sababu wanafanya kazi ileile. Akifungua mabawa yanafika karibu mita 3 toka ncha hadi ncha, uzito wake kilo 8 mpaka 10 hivi, mwili mweusi na chini ya mabawa ana mabaka meupe, kichwa hakina manyoya na kina rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu. Usimchanganye na kondori wa Andes, yule ni mwingine na anaishi Amerika ya Kusini. Nikisema kuatamia ninamaanisha kulalia yai mpaka litotoe. Na nikisema wakusanyaji wa mayai nina maana ya watu ambao kuanzia karne ya 19 walikuwa wanatafuta mayai ya ndege, wanatoa kilichomo ndani na kuhifadhi maganda, wengine kwa ajili ya sayansi, wengine kama hobi tu, wengine kwa biashara.

Hesabu ya huyu ndege

Hapa ndo kwenye kiini cha jambo kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kondori hajengi kiota. Anatafuta pango au ufa kwenye genge, mara chache tundu kwenye mti mkubwa sana, anataga palepale chini kwenye mchanga na vijiwe. Anataga yai moja tu. Ni yai kubwa, urefu wake kama sentimita 11, jeupe lenye kivuli kidogo cha kijani au buluu likiwa bado bichi. Baba na mama wanapokezana kuliatamia kwa karibu miezi miwili. Kinda akitotolewa anakaa miezi sita hivi kabla ya kuruka vizuri, na hata akisharuka bado anawategemea wazazi kwa miezi mingine mingi, kwa hiyo wazazi waliofanikiwa kulea mwaka huu mara nyingi mwaka unaofuata hawatagi kabisa. Yaani kinda mmoja kila miaka miwili, na hiyo ni mambo yakienda vizuri. Halafu huyo kinda mwenyewe anaanza kuzaa akiwa na miaka 6 mpaka 8.

Sasa ndege wa namna hii ataendeleaje kuwepo? Kwa kuishi muda mrefu. Kondori anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Mkakati wake wote umejengwa juu ya kwamba mtu mzima hafi ovyo. Chukua mfano, jozi inazaa kwa miaka 20, hapo watapata kama makinda 10 kwa juu kabisa, na kati ya hao wakibaki wawili tu wakakua na wao wakazaa basi idadi imesimama palepale, haipungui. Kwa hiyo ukiondoa yai moja umeondoa jaribio moja kati ya mengi. Ukimuua mzazi mmoja umeondoa majaribio yake yote yaliyobaki, na yule mwenzake naye anabaki bila wa kupokezana naye, yai au kinda aliyepo wakati huo ana hali mbaya sana. Shika hilo, tutalirudia.

Walioanza kumwona

Wenyeji wa pwani ile walimjua kwa maelfu ya miaka, Wachumash, Wayurok na wengine, manyoya yake yalikuwa kwenye mavazi ya ibada zao. Maandishi ya Wazungu yanaanza 1602, pale mtawa Mhispania Antonio de la Ascensión aliyekuwa kwenye msafara wa Sebastián Vizcaíno aliandika kuhusu ndege wakubwa sana aliowaona ghuba ya Monterey wakila nyangumi aliyekufa ufukweni. Ukisoma hilo unapata picha ya maisha yao kabla ya ng'ombe kuja, walikuwa wanategemea sana vinavyotupwa na bahari, nyangumi na simba bahari.

Baada ya hapo karibu miaka mia mbili hakuna cha maana kilichoandikwa kisayansi. 1792 Archibald Menzies, tabibu na mtaalamu wa mimea kwenye msafara wa nahodha Mwingereza George Vancouver, alipata sampuli moja ya kondori huko California ikapelekwa London, na 1797 George Shaw akampa ndege huyu jina la kisayansi. Angalia hapo, jina limetolewa na mtu ambaye hakuwahi kumwona akiruka, alikuwa na ngozi tu mezani. Kisha mwisho wa 1805 msafara wa wapelelezi wa Kimarekani Lewis na Clark ukafika mdomo wa mto Columbia, mbali sana kaskazini ya California, wakawakuta kondori kule, wakampiga risasi mmoja wakampima, na mwanzo wa 1806 wakaletewa mwingine aliyejeruhiwa akiwa hai, na kwenye madaftari yao kuna mchoro wa kichwa chake. Leo hiyo ni ushahidi muhimu kwamba ndege huyu alikuwa anafika mpaka Oregon na Washington.

Lakini kuhusu mayai walikuwa gizani kabisa. David Douglas, yule Mskoti mtafuta mimea aliyezunguka maeneo ya Columbia miaka ya 1820, alitoa taarifa kwamba kondori anajenga kiota cha vijiti msituni na anataga mayai mawili meusi tii. Mawili, meusi! Hakuna hata kimoja cha kweli hapo, si kiota, si idadi, si rangi. Hakuwa amedanganya kwa makusudi, alikuwa ameandika alichosimuliwa, na maelezo hayo yakanakiliwa toka chapisho moja hadi jingine kwa miaka. Mpaka 1859 ndo Alexander Taylor, mkazi wa Monterey, akachapisha maelezo na picha ya yai halisi lililotoka milima ya Santa Lucia. Yaani toka ndege apewe jina la kisayansi mpaka yai lake lijulikane imepita miaka 62.

Nalisema hili kwa sababu watu wa sasa tunawahukumu wakusanyaji wa mayai kama vile walikuwa ni waharibifu watupu, lakini bila mtu kupanda na kuliona yai tungebaki na yale mawili meusi.

Kilichokuwa kinafanyika kwenye makabati

Kuanzia miaka ya 1880 mpaka kama 1920 kukusanya mayai kulikuwa na mashabiki wengi sana Marekani na Uingereza. Walikuwa na majarida yao, orodha za bei, kubadilishana kwa posta. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unalipata yai, unatoboa kitundu kimoja kidogo ubavuni kwa keekee nyembamba, unapuliza hewa kwa mrija mpaka ute na kiini vitoke, unasuuza, unakausha. Halafu unaandika kikaratasi chenye tarehe, mahali, nani amelichukua, lilikuwa limeatamiwa kwa muda gani. Hicho kikaratasi ndo thamani yenyewe, ganda lisilo na kikaratasi halina maana kwa sayansi, na kwa bahati nzuri wengi wao walikuwa makini sana na uandishi.

Kwa wakusanyaji, yai la kondori lilikuwa kwenye kilele cha tamaa zao. Ndege ni adimu, yai ni moja tu kwa msimu, liko kwenye genge ambalo lazima ushuke kwa kamba, na huyo ndege yuko sehemu moja tu duniani. Na hapa kuna kitu kibaya sana kuhusu soko la vitu adimu, ndege akizidi kupungua bei inazidi kupanda, bei ikipanda watu wanazidi kwenda. Kelly Truesdale, mkazi wa Shandon kwenye kaunti ya San Luis Obispo, ni mmoja wa waliojulikana sana kwa kutafuta mayai ya kondori mwanzoni mwa karne ya 20, alijua mapango yao kuliko karibu mtu yeyote wa wakati wake.

Kulikuwa na njia nyingine lakini. 1906 William Finley na mwenzake Herman Bohlman walipata pango lenye yai kwenye korongo la Eaton karibu na Pasadena, wakaamua kuliacha lilipo na kulipiga picha. Wakarudi tena na tena wakibeba kamera nzito za wakati ule na sahani za kioo, wakapiga picha za yai, kinda akiwa mdogo, kinda akikua, wazazi wakiwa karibu kabisa. Mwisho walimchukua kinda yule na akaishia bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kwa hiyo hata wao hawakumwacha, lakini zile picha zilionyesha kitu ambacho kabati haliwezi kuonyesha, namna kondori anavyolea.

Na zinajibu imani moja ambayo hata kwetu ipo sana, kwamba ukigusa yai au kinda la ndege mzazi atasikia harufu ya binadamu na kulitelekeza. Kondori anatumia macho kutafuta chakula, pua yake si ya kutegemea, na wale wazazi wa 1906 waliendelea kulea pamoja na usumbufu wote ule. Hii haimaanishi mtu aende kusumbua viota, usumbufu wenyewe unaweza kumfanya mzazi aondoke yai likapoa au kunguru akaliwahi, lakini si habari ya harufu ya mkono.

Je, wakusanyaji ndo walimmaliza?

Hapana, na hapa rudi kwenye ile hesabu. Mayai yaliyochukuliwa yote yaliyo kwenye makumbusho ni dazeni kadhaa kwa kipindi cha miongo mingi. Yalileta hasara, sipunguzi, hasa kwenye maeneo ambayo jozi zilikuwa chache na mkusanyaji anarudi pango lilelile mwaka baada ya mwaka. Lakini kilichokuwa kinavunja mgongo wa huyu ndege ni vifo vya wakubwa. Watu waliwapiga risasi kwa sababu tu ni wakubwa na wanaonekana, wengine wakiamini wanabeba kondoo wachanga, kitu ambacho kondori hawezi hata akitaka kwa sababu miguu yake ni ya kutembea na kusimama, haina nguvu ya kukamata kama ya tai. Wengine waliuawa kwa ajili ya makumbusho, kupakwa dawa na kusimamishwa. Wengine walikula mizoga iliyotiwa sumu iliyolengwa kwa wanyama wanaokula mifugo.

Na sababu kubwa kuliko zote iligundulika kwa kuchelewa sana, sumu ya madini ya risasi. Mwindaji anampiga paa au nguruwe pori, risasi ikigonga mfupa inasambaa vipande vidogo vidogo sana kama vumbi mwilini, matumbo yanaachwa porini au mnyama anatoroka na jeraha anafia mbali, kondori anakuja anakula pamoja na vile vipande. Tumbo lake lina asidi kali, madini yanayeyuka yanaingia kwenye damu, mfumo wa kusaga chakula unapooza, ndege anakufa njaa chakula kikiwa kimejaa ndani. Inaniuma kila nikifikiria hilo, maana huyu ndege amefanya kazi yake ya kawaida kabisa ya kusafisha mlima na ndo imemuua. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwa sababu kondori akifia mlimani nani atamkuta?

Utafiti wa kina wa kwanza ulifanywa na Carl Koford kuanzia 1939, akakaa nao milimani, na 1947 ikatengwa hifadhi ya Sespe kwa ajili yao. Hifadhi ililinda mapango. Haikuweza kulinda ndege anayeruka zaidi ya kilomita mia kwa siku kutafuta mzoga nje ya mpaka. Kufika 1982 walikuwa wamebaki 22 duniani.

Maganda yalivyokuja kusaidia

Kabla hatujafika kwenye uokoaji kuna kipande ambacho wengi hawakijui. Baada ya vita kuu ya pili dawa ya wadudu ya DDT ilitumika kila mahali, na ndege wengi wanaokula nyama wakaanza kushindwa kuzaa, mayai yanavunjika wakiyaatamia. Ilikuwaje watu wakajua ganda limekuwa jembamba? Jembamba kuliko nini? Lazima uwe na maganda ya zamani ya kulinganisha, na hayo yalikuwa kwenye makabati ya wale wakusanyaji. Uingereza Derek Ratcliffe alipima maganda ya mayai ya kozi, ndege mwindaji wa jamii ya vipanga, akachapisha 1967, akaonyesha kwamba kuanzia karibu 1947 maganda yalipungua unene ghafla. Marekani wakapata jibu lilelile. DDT ikapigwa marufuku Marekani 1972.

Kwa kondori nako, Lloyd Kiff na wenzake 1979 walichapisha ulinganisho wa vipande vya maganda vilivyookotwa mapangoni miaka ya 60 na maganda ya zamani, vile vipya vilikuwa vyembamba. Kiasi gani hilo lilichangia kondori kupungua bado kuna mabishano, wengine wanasema vifo vya wakubwa vilikuwa na uzito zaidi na mimi naona hoja yao ina nguvu. Ila jambo lenyewe halijaisha, kondori waliorudishwa pwani ya Big Sur wamekutwa na maganda membamba kwa sababu wanakula simba bahari wenye mabaki ya DDT iliyomwagwa baharini karibu na Los Angeles miongo mingi iliyopita. Na Camarillo, California, kuna taasisi ya Western Foundation of Vertebrate Zoology yenye mkusanyiko mkubwa sana wa mayai, mengi ni ya wale wakusanyaji binafsi wa zamani, watafiti bado wanakwenda kupima pale.

Miaka ya 1980, yai lilelile kwa maana nyingine

Sasa tuje kwenye kinachowachanganya watu zaidi.

Mtu yeyote aliyefuga kuku wa kienyeji anajua, ukimwachia mayai yote ataacha kutaga aanze kuatamia, ukiwa unayatoa anaendelea kutaga. Mwili wake unajibu kilichopo chini yake. Ndege wengi wa porini nao wana uwezo fulani wa namna hiyo, yai likipotea mapema wanataga jingine la kufidia. Swali lilikuwa je kondori naye anaweza? Wengi walidhani hapana, ndege mzito hivi, yai moja kwa miaka miwili, haiwezekani.

1982 watafiti wakashuhudia kwa macho. Jozi moja ilikuwa inagombania nani aatamie, baba na mama wanasukumana pangoni, yai likabingirika likaanguka toka kwenye genge. Ilikuwa hasara mbaya, ndege wako 22 na yai linavunjika mbele ya watu. Lakini baada ya wiki kadhaa ile jozi ikataga jingine kwenye pango lingine. Lile nalo likapotea, ila jibu lilikuwa limepatikana, kondori anafidia.

Ona hesabu inavyogeuka hapo. Jozi ikiachwa inalea kinda mmoja na mwaka unaofuata inapumzika. Ukichukua yai la kwanza mapema, itataga la pili baada ya mwezi hivi, ukichukua la pili kuna zilizotaga hata la tatu, na kwa kuwa haikulea kinda mwaka unaofuata itataga tena. Jozi ambayo ingetoa kinda mmoja kwa miaka miwili sasa inaweza kutoa mayai manne au zaidi. Mkusanyaji wa 1900 naye bila kujua alikuwa anasababisha jambo hilohilo, inawezekana baadhi ya jozi alizozichukulia yai zilitaga tena akiwa ameshaondoka. Tofauti ni kwamba yai lake lilitobolewa na kupulizwa. La 1983 liliwekwa kwenye sanduku la joto, likabebwa kwa helikopta, likaingia kwenye mashine ya kutotolesha.

Na kwenye mashine halikuachwa tu. Yai likiatamiwa linapoteza maji kidogo kidogo kupitia matundu ya ganda, likipoteza machache mno au mengi mno kinda anakufa ndani, kwa hiyo walikuwa wanalipima uzito mara kwa mara na kurekebisha unyevu, wanaligeuza, wanalimulika kwa taa kuona mishipa. Tarehe 30 Machi 1983 kwenye bustani ya wanyama ya San Diego akatotolewa Sisquoc, kondori wa kwanza kutotolewa mikononi mwa watu toka yai la porini. Wengine wakafuata. Makinda walilishwa kwa kikaragosi chenye umbo la kichwa cha kondori mkubwa ili wasije wakazoea sura za watu.

Usidhani kila mtu alishangilia. 1980 kinda mmoja alikuwa amekufa mikononi mwa watafiti wakimpima pangoni, watu walikasirika sana na vibali vikafutwa kwa muda. Mwanamazingira David Brower na shirika la Friends of the Earth walipinga kabisa kuwakamata, walisema kondori bila mlima si kondori, bora apotee kwa heshima akiwa huru na tulinde mazingira yake. Sikubaliani nao lakini siwaoni kama wajinga, walichokuwa wanakiogopa ni kwamba watu wakishakuwa na ndege kwenye banda watasahau mlima, na woga huo ulikuwa na msingi.

Kilichomaliza ubishi ni kipupwe cha 1984 kuingia 1985. Ndege sita wa porini walipotea, kati ya jozi tano zilizokuwa zinazaa ikabaki moja. Pale hata kuchukua mayai hakukutosha tena, ikaamuliwa wakamatwe wote, shirika la National Audubon Society likaenda mahakamani kupinga, na mwisho wa yote tarehe 19 Aprili 1987, Jumapili ya Pasaka, yule wa mwisho porini, dume aliyejulikana kama AC-9, akanaswa. Jumla walikuwa 27, pamoja na wale waliototolewa mabandani. Kwa mara ya kwanza baada ya maelfu ya miaka hakukuwa na kondori hata mmoja angani California. 1988 akazaliwa Molloko, wa kwanza ambaye wazazi wake walikutana wakiwa mikononi mwa watu, na Januari 1992 wakaanza kuachiwa. AC-9 naye alirudishwa porini 2002, miaka 15 baadaye.

Swali ambalo wengi wanauliza hapo, ndege 27 si wataoana ndugu? Ndiyo ni hatari ya kweli, wote waliopo leo wanatoka kwa waanzilishi 14 tu, na ndo maana kuna daftari la ukoo linaloonyesha kila ndege baba yake nani mama yake nani na jozi zinapangwa kwa kufuata hilo. Ni kwa sababu ya vipimo vya vinasaba vya kuhakiki ukoo huo 2021 ikatangazwa kwamba makinda wawili wa miaka ya nyuma walitoka kwenye mayai ambayo hayakuwa na baba kabisa, mama peke yake, na mama hao walikuwa wanaishi pamoja na madume. Hakuna aliyekuwa analitegemea hilo kwa kondori.

Hali ilivyo sasa, na kwetu

Leo kondori ni zaidi ya 500 na zaidi ya nusu wanaruka porini California, Arizona na Utah, na Baja California huko Meksiko, na tangu 2022 kabila la Wayurok limekuwa likiwaachia kaskazini ya California, kwenye nchi ambayo hawakuwa wameonekana kwa zaidi ya karne. Lakini anayekwambia ameshapona anakosea. Madini ya risasi bado ndo muuaji wao mkuu. California iliweka sheria ya kuzuia risasi za madini hayo kwenye uwindaji na ikaanza kutumika jimbo zima Julai 2019, kwingine ni hiari. Kwa hiyo ndege wanakamatwa mara kwa mara, wanapimwa damu, waliozidi wanatolewa sumu hospitalini na kuachiwa tena. 2023 homa ya mafua ya ndege iliua 21 kwa kipindi kifupi kwenye kundi la Arizona na Utah, hapo unaona ndege wa aina hii anavyoweza kurudishwa nyuma miaka mingi ndani ya wiki chache.

Na hesabu yake ndo ya tumbusi wetu pia. Tumbusi mgongo mweupe na tumbusi wa Rüppell wa Kenya na Tanzania wanataga yai moja, wanachelewa kukua, wanategemea kuishi muda mrefu, na sasa wote wawili wako kwenye daraja la hatari kubwa zaidi ya kutoweka. Huku hakuna aliyewamaliza kwa kukusanya mayai. Mfugaji ameuliwa ng'ombe na simba, anaweka dawa ya wadudu ya shambani kwenye mzoga kulipiza, tumbusi wanafika kwanza na wanafika wengi, mzoga mmoja unaweza kuangusha makumi yao kwa asubuhi moja. Wapo pia wanaowaua kwa ajili ya kichwa na viungo vya uganga, kwa imani kwamba vinampa mtu uwezo wa kuona yajayo. Watu wakisikia stori ya California wanauliza kama na sisi tuwachukulie mayai tukayatotoleshe. Mashine inaongeza makinda, haizuii wakubwa kufa, na kwa California ilibidi itumike kwa sababu walichelewa mpaka 22. Sisi bado tuna maelfu angani, kazi yetu ya kwanza ni sumu.

Kuhusu mayai yenyewe, watu bado wanapanda kwenye yale mapango ya California kila msimu wa kutaga. Wanaangalia yai lina uhai au ni viza, wakikuta viza wanalitoa na kuweka zima lililotagwa na jozi za kwenye mabanda, wazazi wanaliatamia na kumlea kinda kama wao. Wakati kinda anakua wanarudi kuokota vizibo vya chupa na vipande vya vioo ambavyo wazazi wamembebea wakidhani ni mifupa, maana vikijaa tumboni vinamuua.